Jaramogi: Aliyempigania Mfungwa Naye Akafungwa

Uchaguzi ukikaribia, huwasikia vijana wetu hapa Pwani wakizungumza kana kwamba vyama vingi vilikuja vyenyewe. Mimi huwasimulia habari za Jaramogi Oginga Odinga.

Mwaka 1958 Jomo Kenyatta alikuwa kifungoni, na kumtaja kwa sifa ilikuwa hatari. Jaramogi, mzaliwa wa Bondo aliyewahi kuwa mwalimu, alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria akatangaza kwamba Kenyatta na wenzake waliofungwa ndio viongozi halisi wa Waafrika. Baada ya uchaguzi wa 1961, chama chake cha KANU kilishinda lakini kikakataa kuunda serikali Kenyatta akiwa bado kifungoni. KADU ya Ronald Ngala, mwana wa Pwani yetu, ndiyo iliyoingia serikalini. Agosti mwaka huo Kenyatta akaachiliwa.

Baada ya uhuru Jaramogi alipanda hadi kuwa Makamu wa Rais. Lakini alihitilafiana na Kenyatta, hasa juu ya ardhi, akajiuzulu 1966 na kuongoza chama cha KPU. Oktoba 1969, baada ya ghasia za Kisumu, KPU ilipigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Serikali iliyomfungia iliongozwa na yule yule aliyempigania. Aliachiliwa 1971.

Kwangu mimi, funzo liko hapo. Kenyatta alitoka, lakini mamlaka ya kumfungia mtu bila kesi yalibaki. Yalibadilisha mikono tu.

Mwaka 1982 Jaramogi alitaka kuanzisha chama kingine. Alifukuzwa KANU, na Katiba ikabadilishwa ili Kenya iwe nchi ya chama kimoja kisheria. Mzee hakuchoka. Mwaka 1991, akiwa na miaka 79, alianzisha FORD pamoja na wenzake, akiwemo Ahmed Salim Bamahriz wa Mombasa. Desemba mwaka huo, kwa shinikizo la wananchi na wafadhili, kifungu cha 2A kilifutwa na vyama vingi vikarudi.

Katika uchaguzi wa 1992 alimaliza wa nne, na Januari 1994 akafariki bila kuionja Ikulu. Hata hivyo, kila tunapopiga foleni kuchagua kati ya vyama, tunavuna alichopanda. Basi tukidai mtu wetu aachiliwe, tuulize pia: sheria iliyomfunga imefutwa, au inamngoja mwingine?