Mwami Mwenda Msiri wa Bunkeya

Ndugu wakristu wa Kasomeno, na ninyi mapadri wageni wetu: katika siku hizi za yubile tunawakumbuka wale walioleta Injili katika inchi yetu. Ni haki pia kuwakumbuka wale waliotawala mbele ya Injili kufika, na katika hao hakuna anayejulikana kumupita Mwami Msiri, mwanzishaji wa ufalme wa Wayeke.

Jina lake la kuzaliwa ni Ngelengwa. Alizaliwa karibu ya mwaka 1830 katika inchi ya Wasumbwa, upande wa Tabora, ambayo leo ni Tanzania. Baba yake Kalasa alikuwa muchuuzi wa shaba, na mutoto akafuata njia ya baba, akavuka Luapula na wapagazi wake. Karibu ya mwaka 1856 alifika na watu wachache na bunduki chache, akabaki. Wazee wanasimulia kwamba aliwasaidia Wasanga wa mukubwa Mpande kupigana na maadui wao, na kwa njia hiyo akapata inchi. Wakati ule mwenye bunduki hakukosa rafiki. Mbele ya miaka thelathini kupita, wakubwa wengi katikati ya Luapula na Lualaba walikuwa wakimuletea kodi, na karibu ya mwaka 1880 akajitwalia cheo cha Mwami.

Muji wake Bunkeya ulikuwa soko kubwa. Shaba, chumvi, pembe za tembo na, kwa huzuni yetu, watu waliofungwa kamba, walitoka pale kwenda mashariki mpaka pwani ya Zanzibar, na magharibi mpaka Benguela. Vitambaa, shanga, bunduki na baruti vikarudi. Wayeke walijua kuvuta shaba mpaka inakuwa nyuzi nyembamba za bangili. Msiri alioa wake wengi sana, wala haikuwa tamaa tu: kila jamaa iliyotoa binti ilifungwa naye, na wake wengine waliwekwa kusimamia vijiji na kumupasha habari. Mumoja wao, Maria da Fonseca, alitoka katika jamaa ya wachuuzi wa Kireno, hivi jina la Mama Bikira lilitajwa Bunkeya mbele ya misioni yoyote ya Katoliki kujengwa pale. Mwaka 1886 Mwami alimupokea Frederick Arnot, misionere Muprotestanti kutoka Scotland, akamupa ruhusa ya kukaa.

Lakini tusimupake asali. Hukumu yake ilikuwa kali, na wageni waliona vichwa vya watu juu ya miti ya boma lake. Katika miaka ya mwisho Wasanga waliasi, mashamba yakaachwa, njaa ikaingia. Mimi naona ufalme ulikuwa umekwisha kupasuka ndani mbele ya Wazungu kuugonga.

Mwaka 1890 alikuja Alfred Sharpe kwa ajili ya Waingereza. Msiri akakataa kutia mukono kwa mapatano. Katika Desemba 1891 ikafika safari ya William Stairs, iliyofanya kazi kwa ajili ya Mufalme Leopold wa Pili. Stairs alitaka bendera ya Bula Matari ipandishwe. Msiri hakukubali, na Stairs akaipandisha yeye mwenyewe. Mwami akaondoka usiku kwenda Munema, kijiji cha karibu. Tarehe 20 Desemba kapiteni Bodson, Mubelgiji, alitumwa pamoja na askari kumukamata. Maneno yakawa makali, Bodson akamupiga Mwami risasi, akafa; naye Bodson akapigwa na watu wa Mwami, akafa kwa jeraha hilo. Kichwa cha Msiri kilikatwa. Kiko wapi, Wayeke wanauliza hata leo.

Stairs mwenyewe hakuona Ulaya tena: malaria ilimuua mwezi wa Juni 1892. Mwana wa Msiri, Mukanda Bantu, alitawala chini ya Wazungu mpaka kufa kwake katika 1910, mwaka ule ule ambapo Wabenedikto wa kwanza walifika Katanga. Kiti cha Mwenda hakikuanguka. Godefroid Munongo, wa ukoo huo, aliyekuwa waziri wa Katanga mwaka 1960, alikikalia tangu 1976 mpaka alipokufa mwaka 1992.