Siti binti Saad: Kutoka Fumba hadi kwenye Santuri

Binti aliyezaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880, aliitwa Mtumwa. Jina hilo halikuwa la mzaha. Babake, Saad, alikuwa Mnyamwezi na mamake Mzigua, wote wawili wazaliwa wa Unguja, nao utumwa haukupigwa marufuku kisheria visiwani humo hadi mwaka 1897. Mtoto huyo hakusoma shuleni wala chuoni. Alichojaliwa kurithi ni ufinyanzi wa mamake. Alipokua alivitembeza vyungu kwa miguu hadi mjini, akivinadi kwa sauti ambayo, yasemekana, wanunuzi waliitambua kabla ya kumwona mchuuzi mwenyewe.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri, kwani taarab ya siku hizo ilikuwa mali ya wakubwa. Sultani Barghash ndiye aliyeileta kutoka Misri baada ya kutawazwa mwaka 1870. Iliimbwa kwa Kiarabu, na vyama vyake, kama Nadi Ikhwan Safaa kilichoasisiwa mwaka 1905, vilikuwa vya wanaume. Mwanamke wa shamba, tena mwenye nasaba ya utumwa, angeingilia mlango gani? Aliyemfungulia ni Ali Muhsin, mwanamuziki wa Ikhwan Safaa, aliyeivulia kofia sauti yake akamfunza uimbaji. Nyimbo za Kiarabu alizihifadhi kwa kuzisikiliza tu. Umaarufu ulipomjia ulimjia pamoja na jina jipya, Siti, yaani bibi mwenye heshima, na lile la Mtumwa likasahaulika.

Siti hakuwa mwajiriwa wa jumba la mfalme. Aliitwa kuimba huko, na vilevile katika hafla za matajiri, lakini kituo chake cha kazi kilikuwa nyumba yake mwenyewe, Ng'ambo. Huko alikutana usiku na wapigaji na watunzi wenzake, akiwamo Maalim Shaaban, Budda bin Mwendo, Subeti Ambar na Mbaruk Talsam wa Mombasa. Habari za mtaani ziligeuzwa nyimbo papo hapo. Wimbo wa Kijiti, kwa mfano, unahusu mwanamke mgeni aliyeuawa; mshukiwa alitorokea bara, nao waliojitokeza kutoa ushahidi ndio waliofungwa. Wasikilizaji wa Ng'ambo hawakuhitaji kufafanuliwa ni mahakama ya nani iliyokuwa ikikosolewa. Hapa ndipo Kiswahili kilipokinyang'anya Kiarabu jukwaa la taarab, na jambo hili, kwa mwanafunzi wa fasihi, lina uzito kuliko hata sifa ya sauti yake.

Machi 1928 alivuka bahari na kikundi chake hadi Bombay, kurekodi nyimbo za Kiswahili kwa ajili ya kampuni ya HMV. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyemtangulia katika kazi hiyo. Sahani hizo zilibadilisha hali yake kama msanii. Awali, aliyetaka kumsikia Siti alilazimika kumwalika au kualikwa alikokuwa. Sasa mtu wa Lamu, Mombasa au Dar es Salaam alihitaji santuri tu, au mkahawa wenye santuri.

Umaarufu haukukosa husuda. Wapinzani walimtungia wimbo wa kumkumbusha kwamba alifika mjini akiwa hohehahe, na kwamba hakuwa mzuri wa sura. Angeweza kujitetea kwa kuorodhesha mafanikio yake. Badala yake alijibu kwa wimbo: uzuri na ukoo hakuvitilia maanani, hasara aliiona katika upungufu wa akili. Ni jibu la mtu aliyejua kwamba nasaba ndiyo silaha pekee waliyobaki nayo.

Alifariki dunia tarehe 8 Julai 1950. Kabla ya hapo Shaaban Robert alikuwa ameketi naye, akamsikiliza, na matokeo yake ni Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa mwaka 1958. Ni kitabu cha mtu mwenye mapenzi na maadili. Humo Siti anang'aa kama kielelezo cha tabia njema, na pengine kwa sababu hiyo mfanyabiashara wa sauti, yule aliyepatana bei na wenye hafla, haonekani sana. Nyimbo ziliendelea bila kitabu. Fatuma binti Baraka, yaani Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alizibeba hadi majukwaa ya Ulaya. Nao wanahabari wanawake wa Tanzania, walipoanzisha jarida lao mwaka 1988, waliliita Sauti ya Siti.