Dag Hammarskjöld (1905–1961): Safari ya Ndani na Njia ya Msalaba

Miongoni mwa Wakristo waliolelewa katika Kanisa la Kilutheri ambao majina yao yalivuma duniani katika karne ya 20, yumo Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa pili wa Umoja wa Mataifa. Wengi humkumbuka kwa ajili ya Kongo, na kwa kifo chake karibu na Ndola. Ni wachache waliojua, alipokuwa hai, kwamba mwanadiplomasia huyo alikuwa pia mtu wa sala, aliyetembea kwa siri njia ya umistiki, yaani safari ya nafsi inayomtafuta Mungu ili iunganike naye kwa imani.

Alizaliwa tarehe 29 Julai 1905 katika mji wa Jönköping, Uswidi, mtoto wa nne na wa mwisho, wote wakiwa wavulana. Baba yake, Hjalmar, alikuwa Waziri Mkuu wa nchi hiyo kuanzia 1914 hadi 1917, na kwa miaka mingi alikuwa mkuu wa mkoa wa Uppsala. Hivyo Dag alikulia katika ngome kuu ya Uppsala, jirani na kanisa kuu. Kwa baba alirithi imani kwamba hakuna maisha bora kuliko kuitumikia nchi pasipo kujitafutia faida. Kwa mama yake, Agnes, alirithi fundisho la Injili kwamba watu wote ni sawa, kwa kuwa ni watoto wa Mungu. Familia hiyo ilikuwa na urafiki wa karibu na nyumba ya Askofu Mkuu Nathan Söderblom, mtetezi wa umoja wa makanisa na mwanazuoni aliyeheshimu sana maandiko ya wanamistiki.

Kijana huyo alipanda ngazi upesi. Alipata shahada ya udaktari katika uchumi mwaka 1933, na kuanzia 1936 hadi 1945 alikuwa mtendaji wa juu katika Wizara ya Fedha. Kuanzia 1941 hadi 1948 aliongoza pia bodi ya Benki Kuu. Hakuoa. Kwa nje alikuwa mtu aliyefanikiwa kuliko wenzake wengi. Kwa ndani alikuwa mpweke na mwenye kiu. Elimu ya chuo kikuu ilikuwa imemfundisha kutokubali jambo lolote pasipo kulipima kwa akili, na imani ya utotoni ilibaki kwake kama nyumba nzuri asiyoweza kuingia. Katika kumbukumbu alizoziandika mwanzoni mwa miaka ya 1950 anaonekana mtu aliyechoshwa na utupu wa maisha, hata akavutwa na wazo la kifo.

Wawili walimsaidia kuuona mlango. Wa kwanza alikuwa Albert Schweitzer, mwanateolojia aliyekwenda Lambaréné, Gabon, kuwahudumia wagonjwa. Kwake alijifunza kwamba Injili yaweza kuishiwa katika ulimwengu wa sasa. Wa pili walikuwa wanamistiki wa zamani: Meister Eckhart, Thomas à Kempis, na Yohane wa Msalaba. Kwa hao alijifunza kwamba imani ni zaidi ya kukubali hoja. Imani ni Mungu kuunganika na nafsi ya mtu, hata katika giza ambamo akili haioni kitu. Wapo Walutheri wanaoyaogopa mafundisho ya namna hiyo, wakidhani yanamfanya mtu apande kwa Mungu kwa juhudi zake. Lakini Martin Luther mwenyewe alimsoma Johannes Tauler kwa shukrani, na mwaka 1516 na 1518 alikichapisha kitabu cha kimistiki kijulikanacho kama Theologia Germanica.

Aprili 1953 Hammarskjöld alichaguliwa kuwa Katibu Mkuu. Aliupokea wito huo kama mtu aliyeitwa na Mungu, na kumbukumbu za mwaka huo zimejaa shukrani na utayari. Tangu hapo sala na kazi vilikuwa kitu kimoja. Januari 1955 alikwenda Beijing kuwaombea wanajeshi wa anga 11 wa Marekani waliofungwa, nao wakaachiliwa Agosti mwaka huo. Mwaka 1956, wakati wa vita vya Suez, alisaidia kuunda kikosi cha kwanza cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa. Katika makao makuu ya New York alisimamia mwenyewe matengenezo ya chumba cha ukimya, kilichofunguliwa upya mwaka 1957. Katikati yake liliwekwa bonge kubwa la mawe ya chuma kutoka Uswidi, kama madhabahu isiyo na sanamu, ili watu wa dini zote wanyamaze mbele yake.

Jaribu kubwa lilikuwa Kongo. Nchi hiyo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na katika mwezi wa Julai majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliingia. Nikita Khrushchev alimtaka ajiuzulu, naye akakataa kuziacha nchi ndogo zilizomtegemea. Januari 1961 Patrice Lumumba aliuawa wakati majeshi hayo yalipokuwa nchini, na Waafrika wengi walimlaumu Katibu Mkuu kwa uchungu. Lawama hiyo haikuwa ndogo, na mwenye kusimulia habari zake hana haki ya kuificha. Siku ya Pentekoste mwaka huo huo, akiwa chini ya mzigo huo, aliandika kwamba hakujua ni nani aliyemwuliza swali wala lini, ila palikuwa na saa aliyojibu ndiyo, na tangu saa hiyo maisha yake yalikuwa na maana. Alikiri pia kwamba njia hiyo huishia msalabani.

Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961, akiwa safarini kutoka Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, kwenda kuzungumza na Moïse Tshombe wa Katanga, ndege yake ilianguka karibu na Ndola, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Wote 16 waliokuwamo walipoteza maisha, mmoja wao baada ya siku chache. Chanzo cha ajali hiyo kimechunguzwa mara nyingi. Tangu mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulimkabidhi kazi hiyo Mtanzania, Jaji Mohamed Chande Othman. Chumbani alimolala Léopoldville kilikutwa kitabu cha Thomas à Kempis juu ya kumfuata Kristo, na ndani yake karatasi yenye kiapo chake cha kazi. Alizikwa Uppsala, na mwaka huo huo alitunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani.

Nyumbani kwake New York zilipatikana kumbukumbu zake, pamoja na barua iliyozieleza kuwa ni habari za majadiliano yake na nafsi yake na Mungu. Zilichapishwa Uswidi mwaka 1963 kwa jina Vägmärken, yaani Alama za Njia, jina linalomkumbusha msomaji wa Biblia Yeremia 31:21. Wapo waliomdhihaki kwamba alijifanya Kristo. Lakini anayezisoma kwa utulivu huona kinyume chake: mtu anayejishitaki kwa kiburi, anayeomba asamehewe na kutakaswa, na anayejua kwamba Mungu ndiye aliyemtafuta kwanza.

Usharika unaotimiza miaka 100 una haki ya kuhesabu majengo, shule na wabatizwa. Maisha ya Hammarskjöld yanaukumbusha kuhesabu pia saa za ukimya zisizoonwa na mtu. Kwake sala haikuwa pa kuikimbia dunia. Alitoka katika sala akaingia Kongo, akijua gharama yake, na Mkristo anayepiga magoti leo naye ajiandae kutumwa.