Maulana Abul Kalam Azad: Mwanachuoni Aliyekataa Kuwaomba Wakoloni

Inapotajwa India kudai uhuru, hutajwa Gandhi, hutajwa Nehru, basi. Katika toleo hili tumeona tuwaletee habari za mwanachuoni wetu aliyekuwa nao bega kwa bega.

Abul Kalam Azad alizaliwa Makka mwaka 1888. Azad, yaani aliye huru, ni jina alilojichagulia. Mama yake alikuwa Mwarabu, baba yake mwanachuoni wa asili ya Delhi, na familia ikahamia Calcutta angali mtoto. Hakupelekwa skuli, alisomea nyumbani Kiarabu, Kiajemi, fiqhi, hisabati na falsafa.

Mwaka 1912 alianzisha gazeti la Kiurdu, Al-Hilal. Humo aliwahimiza Waislamu washirikiane na Wahindu kuwatoa Waingereza. Serikali ikalibana gazeti hadi likafungwa 1914, na 1916 yeye mwenyewe akafukuzwa Bengal, akazuiliwa Ranchi hadi mwisho wa 1919. Wakati huo alikuwa akifasiri Qur-ani kwa Kiurdu. Maandishi yake yakaharibika mikononi mwa polisi, akalazimika kuandika upya.

Mwaka 1940 alichaguliwa rais wa chama cha Congress. Agosti 1942, chama kilipowataka Waingereza waondoke, viongozi wote walikamatwa, naye akafungwa katika ngome ya Ahmednagar. Huko ndiko zilikomfikia habari kuwa mkewe, Zulaikha, ni mgonjwa sana Calcutta. Mkuu wa gereza akamjulisha kwamba akiwa na ombi lolote kwa serikali, litafikishwa. Maulana akakataa. Aprili 1943 Zulaikha akafariki, Allah Amrehemu, bila ya kuonana na mumewe.

Tukilisimulia hili darasani, hakosekani mwanafunzi wa kuuliza: je, mke hakuwa na haki zaidi? Swali ni zito. Sisi tunaona kwamba rais wa Congress kuomba hisani, na maelfu ya wenzake wamo gerezani, kungewavunja moyo wote. Lakini hatudai kuwa halikumuuma. Alipoachiwa 1945 na kufika Calcutta, kabla ya kwenda nyumbani alipita kaburini kwa mkewe, akamsomea Faatiha.

Alipinga India kugawanywa, ikagawanywa 1947. Akawa waziri wa elimu, yeye ambaye hakusoma skuli, hadi alipofariki tarehe 22 Februari 1958. Kaburi lake liko Delhi, karibu na Msikiti wa Jama.