Sheikh Yahya bin Abdallah Ramiya: Dhikiri katika Jumuiya na Maisha ya Kila Siku

Makala haya yanaeleza kwa muhtasari maisha ya Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, kwa lengo la kuonyesha jinsi dhikiri ilivyokuwa nidhamu ya jumuiya na ya maisha ya kila siku. Mara nyingi Ramiya hutazamwa kama kiongozi wa kisiasa. Mtazamo huo una ukweli, lakini haubainishi kilichowavuta wafuasi wake.

Ramiya alizaliwa mashariki ya Kongo katika nusu ya pili ya karne ya 19. Akiwa bado mtoto alitekwa, akafikishwa pwani, akawa mtumwa katika nyumba ya Amir bin Sulaiman al-Lamki, Mwarabu wa Kiomani mwenye hadhi kubwa Bagamoyo. Katika jamii ya Mrima iliyowapima watu kwa nasaba, mtumwa alihesabiwa kuwa hana kwao. Hata jina bin Abdallah, yaani mwana wa mja wa Mungu, lilikuwa likipewa mara nyingi watu waliosilimu ambao nasaba zao hazikutambuliwa.

Ramiya alianza kwa kuuza samaki, na baadaye akamiliki mashamba ya minazi. Sambamba na biashara alisoma elimu ya dini hadi akatambuliwa kuwa mwanachuoni. Mwanzoni mwa karne ya 20 alipata ijaza ya tarika ya Kadiria, ambayo asili yake hunasibishwa na Abdulkadir al-Jilani, aliyefariki Baghdad mwaka 1166. Matawi kadhaa ya tarika hiyo yalikuwa yameenea pwani, likiwemo la Sheikh Uways wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909.

Msingi wa mafunzo ya Kadiria ni dhikiri. Muridi husoma uradi baada ya sala, peke yake. Kisha hukutana na wenzake katika halaka, ambamo jina la Mungu hutajwa kwa pumzi na mwendo wa mwili unaolingana. Baadhi ya wanavyuoni wa pwani waliikosoa dhikiri ya kukoho kwa kuiona kelele. Hata hivyo, katika halaka hapakuwa na safu ya waungwana na safu ya watumwa, kwani pumzi ya mmoja ilitegemea pumzi ya mwenzake. Kwa mtu aliyenyimwa ukoo, silsila ya tarika ilikuwa nasaba mpya.

Mwaka 1916, baada ya Waingereza kuitwaa Bagamoyo kutoka kwa Wajerumani, Ramiya aliteuliwa kuwa liwali. Ikumbukwe kwamba utumwa ulipigwa marufuku kisheria Tanganyika mwaka 1922. Hivyo basi, mtu aliyeletwa mjini akiwa mtumwa aliuongoza mji huo wakati utumwa ulikuwa bado haujafutwa na sheria. Alifariki mwaka 1931, na mwanawe Muhammad akaurithi uongozi wa tarika.

Maisha haya yana funzo pia kwa isimu. Neno dhikiri linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kukumbuka na kutaja. Katika Kipali, lugha ya maandiko ya Kibudha, neno sati, linalotaja hali ya kuwa macho kwa kila tendo na kila pumzi, nalo lina asili ya kukumbuka. Mila hizi mbili hazifanani kwa lengo: dhikiri humwelekea Mungu, ilhali sati huelekea hali ya mwili na nafsi. Zinakutana katika kuamini kwamba usahaulifu ndio maradhi ya binadamu, na kwamba tiba yake ni mazoezi ya kila siku yanayotiwa nguvu na jumuiya.

Dar es Salaam inazihifadhi zote mbili. Hekalu la Kibudha lililoanzishwa na Wasinhala liko Upanga, na ng'ambo ya bonde la Jangwani iko Magomeni yenye misikiti yake. Kwa mintarafu hiyo, anayetafuta istilahi ya Kiswahili ya sati hana budi kuanzia kwenye kitenzi kumbuka kabla ya kuunda neno jipya. Wafuasi wa Ramiya walikwisha kuonyesha kuwa kukumbuka kwaweza kuwa kazi ya mwili, ya pumzi na ya watu wengi kwa pamoja.