Jesse Owens: medali ine za zahabu, lakini masomo yalibaki nusu

Hapa kwetu wazazi wengi wanaambia watoto waache mpira, wakamate kalamu. Watoto nao wanajibu kwa kuonyesha wachezaji matajiri wanaowaona kwenye televisheni. Nani ana haki? Maisha ya Jesse Owens, Mmarekani mweusi, yanaonyesha kama jibu si rahisi.

Alizaliwa tarehe 12 Septemba 1913 ku Oakville, jimbo la Alabama, katika familia ya watoto kumi. Babu zake walikuwa watumwa, na baba yake alikuwa analima shamba la wengine. Akiwa na miaka kama tisa, familia ilihamia Cleveland kutafuta maisha. Kule, kisha masomo alikuwa anafanya kazi ndogondogo, kwa hiyo mwalimu wake wa michezo, Charles Riley, alikubali kumfundisha mbio asubuhi, mbele ya kengele.

Katika mwaka 1933 aliingia chuo kikuu cha Ohio State, mu muji wa Columbus. Chuo hakikumpa bursa. Minerval ilikuwa juu yake mwenyewe, na tayari alikuwa baba wa mtoto mmoja wa kike. Basi akafanya kazi ya kuendesha asansere katika jengo la serikali ya jimbo. Juu ya rangi yake, hakuruhusiwa kulala pamoja na wanafunzi wazungu, na wakati wa safari za timu kulikuwa hoteli na mikahawa ambamo hangeweza kuingia.

Tarehe 25 Mei 1935, ku Ann Arbor, alifika uwanjani mgongo unamuuma, juu alikuwa ameanguka kwenye ngazi. Lakini ndani ya dakika kama 45 alilingana na rekodi ya dunia ya yadi 100 na akavunja zingine tatu. Aliruka mita 8.13, na hiyo rekodi ilidumu miaka 25.

Mwaka uliofuata, ku Berlin, mbele ya serikali ya Hitler iliyokuwa inafundisha kama wazungu wa Ujerumani ni bora kuliko watu wote, alishinda medali ine za zahabu: mita 100, mita 200, kuruka, na mbio za kupokezana.

Wengi wanamaliza hadisi hapo. Lakini shida ndiyo ilianza. Wakubwa wa riadha wa Marekani walimzungusha Ulaya kukimbia bila malipo. Alichoka, akakataa kwenda Sweden, akarudi kwao. Wakamfungia. Alikuwa na miaka 22 tu, hana diploma, hana mushahara, hana tena mashindano. Hata rais Roosevelt hakumwita kumpongeza.

Ili kulisha bibi yake Ruth na watoto, alikubali kushindana na farasi mbele ya watu waliolipa kuangalia. Alianzisha biashara ya kufua nguo, ikaanguka na deni. Mwaka 1940 alirudi Ohio State kumaliza masomo, lakini pointi hazikutosha. Aliacha tena, bila diploma.

Nafasi ilifunguka polepole tu. Katika miaka ya 1950 alikuwa Chicago, akishughulika na vijana, na serikali ilimtuma kama balozi wa michezo. Mwaka 1972 chuo chake kilimpa udaktari wa heshima, na mwaka 1976 rais Ford akamvika medali ya taifa. Alikufa tarehe 31 Machi 1980 kwa kansa ya mapafu. Alikuwa mvutaji wa sigara.

Ndugu kijana, wewe unayekimbia jioni na kusoma usiku: Owens hakukosa bidii. Miguu yake ilimfikisha mbali, lakini wale waliofaidika nayo hawakumtayarishia kesho. Na nyinyi wazazi na wakubwa wa timu, mutoto akileta kombe nyumbani, mumuulize pia amefika wapi na masomo, na nani anamsaidia kuyamaliza.