Maurice Stokes: Jabali Lililoanguka na Mwenziwe Aliyelibeba

Kila yanapokaribia mashindano ya shule za sekondari, mimi hupata wageni. Mmoja ataniambia yuko kijana wa kidato cha tatu, mrefu kama mnazi, twende nikamtazame. Mwingine ataniletea karatasi iliyojaa hesabu ya pointi. Hii ni kwa sababu miaka mingi nimekaa kando ya viwanja vya mpira wa vikapu hapa Mombasa, nikizichagulia timu vijana wa kucheza karibu na kikapu, wale wa miraba minne ambao kazi yao ni kupigania kila mpira unaogonga chuma na kurudi.

Na kila nikienda kumtazama kijana, humkumbuka mtu mmoja ambaye sikupata kumwona kwa macho yangu. Huyo ni marehemu Maurice Stokes wa Marekani. Leo nimeonelea niwasimulie maisha yake, kwani ndiye aliyenifunza la kutazama, na ndiye aliyenionyesha lile tunalosahau kulitazama.

Stokes alizaliwa tarehe 17 Juni, 1933, katika mji mdogo wa Rankin, karibu na Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania. Kule ni kwenye viwanda vya chuma, na babake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kimojawapo, naye mamake akifanya kazi katika nyumba za watu. Alizaliwa pacha, pamoja na dada. Alipokuwa na umri wa miaka 8, jamaa yake walihamia mtaa wa Homewood mjini Pittsburgh, na huko ndiko alikoingia shule ya sekondari ya Westinghouse.

Sasa sikilizeni ajabu. Mtu huyu ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa wachezaji wakubwa wa zama zake, miaka yake miwili ya mwanzo shuleni hakuwa miongoni mwa watano wanaoanza mchezo. Alikaa kwenye benchi akiwatazama wenzake. Zamu yake ilipofika, alishika nafasi yake barabara, na Westinghouse ikatwaa ubingwa wa mji mwaka wa 1950 na tena mwaka wa 1951.

Katika mji huohuo alikuwako kijana mwingine, mzungu, jina lake Jack Twyman. Huyu naye alikataliwa na timu ya shule yake mara kadhaa kabla ya kukubaliwa mwaka wa mwisho. Vijana hawa wawili walijuana kwa kucheza pamoja viwanjani wakati wa likizo. Mwacheni Twyman hapo, tutamrudia.

Stokes alipomaliza shule hakwenda chuo chenye jina kubwa. Alikwenda Saint Francis, chuo kidogo cha Wakatoliki katika mji wa Loretto, ndani ya milima ya Pennsylvania. Kufikia mwaka wa 1955 alikuwa amekiingiza chuo hicho katika mashindano makubwa ya mwaliko yaliyochezwa Madison Square Garden, New York. Saint Francis ilimaliza ya nne. Hata hivyo waamuzi wa tuzo walimpa Stokes heshima ya mchezaji bora wa mashindano yote. Si jambo la kawaida mchezaji wa timu ya nne kuwapiku mabingwa.

Mwaka uo huo timu za kulipwa zilipoketi kugawana vijana waliotoka vyuoni, Rochester Royals walimchukua Stokes, akiwa wa pili kuchaguliwa katika ligi nzima. Katika mgao huohuo wakamchukua na Jack Twyman. Basi vijana wawili wa Pittsburgh, mweusi na mweupe, wakawa timu moja.

Stokes alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 7, na uzito wa zaidi ya ratili 230. Watu wa umbo hilo siku zile walitakiwa kusimama chini ya kikapu na kusukumana, basi. Yeye aliudaka mpira, akaudundisha mwenyewe hadi upande wa pili, na kumpa mwenzake pasi kama mchezaji mfupi. Mchezo wake wa kwanza wa kulipwa alifunga pointi 32 na kudaka mipira 20. Alimaliza mwaka akiwa mchezaji bora miongoni mwa wageni wa ligi. Mwaka wa pili alidaka mipira 1,256, idadi ambayo haikuwa imefikiwa na mtu yeyote kabla yake. Katika ile miaka mitatu aliyocheza, hakuna mtu katika ligi aliyemzidi kwa kudaka mipira, na kwa kutoa pasi za kufungia alitanguliwa na Bob Cousy wa Boston peke yake.

Hapa ndipo ninapowaambia wageni wangu waikunje ile karatasi ya pointi. Mimi humtazama kijana wakati hana mpira. Je, kikapu kikikosewa, anageuka mapema kujua mpira utaangukia wapi? Akiudaka, macho yake yanamtafuta nani? Na akiwekwa benchi, anaununia mchezo au anausoma? Stokes wa Westinghouse angepotea mbele ya mtu anayehesabu pointi tu.

Ikaja tarehe 12 Machi, 1958. Royals wakati huo walikuwa wamehamia Cincinnati, na usiku huo walicheza Minneapolis mchezo wa mwisho wa msimu wa kawaida. Stokes alikwenda kikapuni, akagongana na mpinzani, akaanguka na kichwa chake kikapiga sakafu. Akazimia. Walimnusisha dawa ya kumzindua, akasimama, na akarudishwa kucheza. Siku tatu baadaye alicheza tena huko Detroit. Wakiwa ndani ya ndege kurudi nyumbani hali ilimbadilika, akapatwa na kifafa, kisha akapoteza fahamu. Alipozindukana alikuwa amepooza mwili na hawezi kusema. Akili yake ilikuwa timamu. Umri wake ulikuwa miaka 24.

Hujafa hujaumbika, ndivyo tusemavyo. Lakini kudura ni jambo moja, na uzembe wa wanadamu ni jambo jingine. Siku hizo wachezaji hawakuwa na bima ya maana ya matibabu. Gharama za hospitali zilikuwa kubwa mno, na fedha alizokuwa nazo Stokes benki hakuna aliyeweza kuzigusa, kwani mwenyewe hakuweza kutia sahihi.

Ndipo akajitokeza Jack Twyman. Alikuwa kijana wa miaka 23, mwenye mke na familia changa. Alikwenda mahakamani akaomba awe mwangalizi wa mwenzake kisheria, na akakubaliwa. Kumbukeni hii ilikuwa Marekani ya mwaka wa 1958, ambako katika miji mingi mweusi na mweupe hawakula meza moja. Twyman alipigania malipo ya mfanyakazi aliyeumia kazini hadi akayapata, na kila mwaka akaandaa mchezo wa hisani huko New York, ambao wachezaji wakubwa wa ligi walikuja kuucheza ili fedha ziende kwa mgonjwa. Mwanzoni wawili hao walizungumza kwa macho: Twyman akitaja herufi moja moja, Stokes akipepesa ukope kwenye ile aitakayo. Kwa miaka ya mazoezi makali Stokes alirudisha sehemu ya mwendo wa mwili na sehemu ya usemi, hata akawa anachora picha.

Alifariki kwa maradhi ya moyo mjini Cincinnati tarehe 6 Aprili, 1970, akiwa na umri wa miaka 36. Akazikwa Loretto, katika ardhi ya chuo chake. Miaka 12 nzima Twyman hakuiacha amana ile. Mwaka wa 2004 Stokes alipoingizwa katika jumba la heshima la mpira wa vikapu, aliyesimama kumpokelea heshima hiyo ni Twyman. Naye Twyman alifariki mwaka wa 2012, na tangu mwaka wa 2013 ligi hutoa tuzo yenye majina yao wawili kwa mchezaji aliye mwenzi bora kwa wenzake.

Nami nina deni la kuungama. Zamani nilimtoa kijana mmoja shuleni nikamkabidhi kwa timu, nikisifiwa kwa jicho langu. Msimu wa pili alivunjika goti. Timu ilinyamaza, nami nilikwenda kumwona mara mbili tu, kisha shughuli zikanishika. Mamake hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Kwa hivyo sasa, baada ya kumtazama kijana na kuridhika na uchezaji wake, huwa sijamaliza. Huwauliza wanaomtaka: akianguka, nani atamlipia daktari, na nani atakwenda kuketi kando ya kitanda chake? Wengi hukasirika. Wasiponijibu, humwambia babake amrudishe mwanawe darasani, timu nyingine itakuja. Mtoto wa mtu ni amana, hata akiwa na futi 6 na inchi 7.